Kiblanketi cha Dorika

Vijana wa ofisini waliniomba niandike machache kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Hayo yako kwenye faili, na kuku hawasomi faili. Nitaeleza kazi. Tangu siku ya kwanza hadi niliporudisha funguo za kabati mwaka huu, kazi yangu ilikuwa kuzunguka maboma ya Kakamega nikifundisha watu kufuga kuku, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilihusu jambo moja tu, kuzuia vifaranga wasife kwa baridi.

Watu wa mbali hudhani huku kwetu hakuna baridi. Waje mwezi wa saba, saa kumi jioni, mvua ikishuka kutoka upande wa msitu wa Isecheno, wasimame uani bila sweta. Kifaranga wa siku moja hana sweta. Ana manyoya mepesi yasiyozuia chochote, na mwili wake bado haujajua kujitengenezea joto. Mama yake ndiye joto lake. Ukimwondoa mama huyo, ni lazima uweke kitu kingine mahali pake, na miaka yangu yote kazini nilikuwa nakitafuta kitu hicho.

Aliyenipokea kazini aliitwa Bwana Lihanda. Alikuwa mwembamba, mwenye kuongea kidogo, na suruali yake alikuwa ameifunga kwa mpira kwenye vifundo vya miguu ili isikamatwe na mnyororo wa baiskeli. Siku yangu ya kwanza alinipeleka boma moja karibu na soko la Shinyalu. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa na kipimajoto kipya mkononi, na tulipofika kwenye chumba cha vifaranga nikanyoosha mkono nifungue mlango. Akanizuia.

"Usifungue. Sikiliza kwanza."

Tukasimama pale mlangoni kama watu waliokuja kudai kodi.

"Hao wanalia ama wanaongea?" akaniuliza.

Nilisikiliza. Sauti ilikuwa ya juu, kali, na haikupumzika. Nikasema wanalia.

"Basi wana baridi. Ungefungua wangekuona, wakashtuka wakanyamaza, nawe ungeandika kwamba wako sawa."

Hilo ndilo somo la kwanza, na naliweka mwanzoni kwa sababu ndilo lililonisaidia zaidi. Kifaranga aliyeshiba joto huongea chini chini, anaacha, anaanza tena. Mwenye baridi hulia bila kituo. Vipimajoto ni vizuri, msivitupe, hata hivyo mmevitilia sahihi. Lakini sikio litangulie.

Somo lake la pili halikuwa katika kitabu chochote. Aliniambia, "Boma la mkulima fika asubuhi, na uondoke kabla jiko la mchana halijawashwa." Mnajua kwetu mgeni haagwi kwa chai pekee. Ukionekana umekaa, utasikia kuku akipiga kelele nyuma ya nyumba, na ukisikia hivyo ujue umechelewa. Bwana Lihanda alisema afisa anayefundisha watu kufuga kuku kisha anawala kila bomani atamaliza kata nzima kabla ya kupata uhamisho. Kwa hiyo nilikataa. Nilisema nimefunga, nikasema tumbo limekataa, nikasema gari linaningoja barabarani. Gari lenyewe halikuwepo. Nadhani nimekataa kuku wengi kuliko niliosaidia kuangua.

Na hapo kuna imondo, yaani firigisi. Kwa yule kijana wetu aliyehamia kutoka mbali: hicho ni kipande cha mwenye boma. Kuku akipikwa, imondo huwekwa kwenye sahani ya baba, naye akitaka kumheshimu mgeni kupita kiasi humpa. Zamani mwanamke alimpika kuku na hakumwonja kabisa. Siku hizi tunakula wote, ila imondo bado inajua njia yake. Nilikua nikiiona ikipita mbele yangu kwenda upande wa wanaume, nikaolewa nikaendelea kuiona ikipita, wala sikuwahi kuona ajabu.

Sasa vifaa. Tulianza na jiko la makaa ndani ya chungu kilichotobolewa, katikati ya duara la katoni, chini maranda ya mbao. Linatoa joto, halina gharama kubwa, na linaua. Kesi iliyoniuma kuliko zote miaka ile ya mwanzo ilikuwa upande wa Mumias. Mama mmoja alikuwa ameziba madirisha yote kwa magunia ili joto lisitoroke, na asubuhi akawakuta vifaranga wote wamelala ubavu, hawana jeraha, wengine midomo wazi. Aliamini jirani amemfanyia ubaya. Bwana Lihanda alitoa magunia dirishani, akaketi naye chini kwenye maranda, akamwambia polepole, "Mama, si mtu. Ni hewa ya makaa. Ingekuwa ni wewe umelala humu, tungekuja kukuzika." Yule mama alilia sana. Nilijifunza kwamba kumweleza mtu sababu hakumwondolei huzuni, lakini angalau kunamwachia jirani.

Baadaye tukatumia taa ya mafuta, na stima ilipofika vijijini tukatumia balbu. Balbu ilikuwa afadhali, ila tone la maji likiirukia linaipasua, na mwanga wake hauwaachi vifaranga walale. Wasipolala wanadonoana mpaka damu. Kisha dukani zikaja hizi balbu za kisasa zinazotoa mwanga bila joto, na wakulima wengi wakapoteza vifaranga wakiwa wamewawashia taa. Walinipigia simu wakisema taa inawaka lakini wanakufa. Mtu akikueleza hivyo usimcheke, nenda ukaguse balbu.

Bwana Lihanda alistaafu, na baada ya miaka kadhaa tukamzika. Kwenye mazishi yake nililetewa sahani ya kuku. Niliitazama muda mrefu, nikala mboga.

Habari za kitambaa cha umeme nilizisikia nikiwa mzee kazini, kwenye semina fulani. Mtoa mada alisema kuna watu wanaochukua kile kiblanketi kidogo cha umeme, cha kukandia mgongo unaouma, wanakiweka juu ya waya uliokunjwa, na vifaranga wanaingia chini yake kama wanavyoingia chini ya kuku. Nilikunywa chai yao nikaenda nyumbani Amalemba nikicheka. Nani kwetu ana kiblanketi cha umeme cha mgongo, na akiwa nacho, nani atampa kuku?

Kisha akafa Dorika.

Dorika alikuwa mke wa Mzee Shitandi, boma lao liko ukingoni mwa msitu, mahali ambapo nguo zilizoanikwa mwezi wa saba hukauka mwezi wa nane. Alikuwa mfugaji hodari. Alikuwa na kuku wa kienyeji wenye madoa, uzao wa kuku aliotoka nao kwa mama yake alipoolewa, na hakuruhusu uchanganywe na jogoo wa watu. Alipoona siringi, alinionyesha mayai. Kila yai aliloliweka chini ya kuku alilitia alama ya makaa, ili kuku akitaga jingine juu yake lijulikane na litolewe. Ninyi mnafundisha hivyo leo. Mimi nilimkuta Dorika akifanya.

Ugonjwa ulimkamata uti wa mgongo. Binti yao aliye Nairobi akamtumia kiblanketi cha umeme, na kwa miezi mingi Dorika alilala juu yake. Alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, kuku mmoja akaanza kuatamia. Shitandi alimpelekea mayai kitandani kwa bakuli. Dorika aliyamulika moja moja kwa tochi, akachagua, akayatia alama kwa kipande cha makaa, na Shitandi akayapeleka chini ya kuku. Mayai yalikuwa hayajaanguliwa Dorika alipofariki. Yalianguliwa katika siku zile za matanga, watu wakiwa wamejaa uani, bila mtu kuangalia.

Siku chache baada ya mazishi, Shitandi alinipigia simu asubuhi. Hakunisalimu.

"Daktari, kuja. Hizi vifaranga za Dorika zinaisha."

Mimi si daktari, lakini kwa wakulima kila mtu wa mifugo ni daktari, na ile haikuwa asubuhi ya kusahihishana. Nilipanda boda boda.

Nilimkuta yeye na dada yake Rasoa, aliyebaki kumpikia baada ya waombolezaji kuondoka. Niliposogelea jikoni nilisimama mlangoni kama nilivyofundishwa. Walikuwa wanalia, na sauti ilikuwa imeanza kuchoka, jambo ambalo ni baya kuliko kelele. Ndani, katoni ilikuwa imewekwa kando ya jiko la makaa. Wengine walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa wamerundikana pembeni, kila mmoja akijaribu kuingia chini ya mwenzake.

"Mama yao yuko wapi?" nikauliza.

Rasoa aliangalia chini. "Tulimchinja, daktari."

Wakwe kutoka Lugari walikuwa wamechelewa mazishi, wakafika siku ya pili yake kutoa pole. Kuku wengine wote walikuwa wameliwa na watu wa matanga. Aliyebaki ni yule aliyefunikwa kwa tenga pamoja na vifaranga wake, na aliyefunikwa kwa tenga hahitaji kukimbizwa.

"Ningefanya aje?" Rasoa akasema. "Wakwe wametoka mbali vile, wakunywe chai wakuende? Watu wangesema Dorika ametoka na heshima yote ya hii boma. Mimi sikufikiria watoto wake. Nilifikiria wageni."

Sikumlaumu, na ninyi msije mkamlaumu mtu wa namna hiyo. Alifanya kile ambacho Dorika mwenyewe angekifanya, na Shitandi alilijua hilo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa na vipande vya maganda ya mayai kiganjani, vile vyenye alama ya makaa.

"Hizi ndizo mwisho aliguza," akaniambia. "Akili ilikuwanga kwa kuku mpaka siku ile. Zikiisha, daktari, mimi nitabaki na nini ya huyu mama?"

Tulianza na njia za kawaida. Tulitoa jiko nje na kufungua dirisha. Rasoa alikwenda kwa majirani kutafuta kuku mwenye vifaranga; akampata mmoja, na yule kuku akawadonoa wageni mpaka tukawaondoa. Balbu ya nyumbani ilikuwa ya zile za mwanga bila joto. Nilitia vifaranga wawili waliokuwa hoi ndani ya blauzi yangu, kifuani, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya, lakini kifua ni kimoja na vifaranga ni wengi.

Ndipo nikakumbuka semina.

"Mzee," nikasema, "kuna kitu chochote humu ndani cha umeme kinachotoa joto?"

Rasoa aliutazama mlango wa chumba cha kulala. Ulikuwa umefungwa.

"Iko moja," akasema kwa sauti ndogo.

"Hiyo hapana," akasema Shitandi.

Baadaye Rasoa alinieleza kwamba tangu mazishi hakuwa ameingia chumbani. Alilala kwenye kiti cha sebuleni akiwa na koti. Kitanda kilikuwa vilevile Dorika alivyokiacha, kiblanketi kikiwa kimetandikwa mahali pa mgongo wake.

Sikubishana naye. Ukiwa katika boma la mtu aliyefiwa, ujuzi wako ni mgeni kama wewe mwenyewe. Nilimtoa kifaranga mmoja katonini nikamwekea kiganjani, kwa sababu nilitaka ajue hali ilivyo. "Shika miguu," nikamwambia. Hivyo ndivyo tunavyopima. Miguu ya kifaranga ikiwa baridi ukiiweka shavuni, muda uliobaki ni mfupi.

Aliishika kwa vidole viwili. Akaiweka shavuni.

"Yake ilikuwanga baridi hivi," akasema.

Alinirudishia kifaranga, akasimama, akaenda akafungua ule mlango. Tulimsikia akitembea humo ndani. Alitoka na kiblanketi kimekunjwa ndani ya leso ya Dorika, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mtaikata?"

"Hatukati, mzee. Hatuharibu kitu."

Tulichukua kipande cha wavu wa waya kutoka kibanda cha sungura cha zamani, tukakikunja kikawa kama pango fupi, mbele juu kidogo, nyuma chini zaidi, ili kila kifaranga atafute kimo kinachougusa mgongo wake. Huo ndio ufundi wenyewe, kwa hiyo mwangalie vizuri. Kuku hapashi watoto wake joto kwa kupasha hewa ya chumba. Huwagusa migongo. Ncha za waya tukazikunjia nje zisichome. Kiblanketi tukakilaza juu ya wavu, tukakifunga kwa kamba, tukakifunika kwa karatasi ya nailoni dhidi ya uchafu na maji, na juu yake Shitandi mwenyewe akatandika ile leso. Chini tukaweka maranda makavu. Sehemu nyingine ya katoni tukaiacha baridi, na chakula na maji vikakaa huko, ili watoke kula na kurudi kama walivyofanya kwa mama yao. Waya wa umeme tukaupitisha mahali ambapo hawataufikia, tukawasha.

Tukawaingiza mmoja mmoja. Walilia humo gizani. Kisha kilio kikapungua, kikakatika, na tukasikia yale maongezi ya chini chini. Rasoa alifunika uso kwa mikono.

Halafu taa ndogo iliyo kwenye swichi ya kiblanketi ikazimika.

Hilo nililiogopa. Vitambaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watu, na vingi hujizima vyenyewe baada ya muda ili aliyelala asiungue. Vipo visivyojizima, na mkinunua, nunueni hivyo. Cha Dorika kilikuwa cha kujizima.

"Mzee, hapa ndipo kuna shida," nikasema. "Kila ikijizima lazima mtu abonyeze tena. Mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Tutafute mtu wa kusaidiana na wewe."

"Hiyo si shida," Shitandi akajibu, na tayari alikuwa ameinama akibonyeza. "Mimi ndio nilikuwanga nawasha. Ikizima anaskia baridi, ananigusa tu hivi kwa mkono, naamka. Nimezoea kuamka. Hata sasa naamkanga, na hakuna kitu ya kuwasha."

Vijana, watu huandika kwamba machozi yaliwalengalenga. Mimi nililia, mbele ya mkulima, nikiwa na vifaranga wawili kifuani.

Niliwatembelea mara nyingi kipindi kile, zaidi ya ratiba ilivyotaka. Shitandi alihamishia katoni chumbani, kando ya kitanda, mahali palipokuwa na soketi yake ya zamani, kwa hiyo ikambidi naye arudi kulala humo. Stima ilipopotea, na kwa mvua zile ilipotea sana, alijaza jerikeni maji ya moto, akaifunga kwa gunia na kuisukuma chini ya pango hadi umeme urudi. Walivyokua tuliinua wavu kidogo kidogo. Mmoja alizaliwa na mguu uliopinda, naye hatukuweza kumwokoa. Waliobaki waliota manyoya, wakawa na madoa ya kuku wa Dorika, wakaanza kulala juu ya kiblanketi badala ya chini yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba hawakihitaji tena.

Miaka imepita tangu hapo. Nimefunga mapango ya namna hiyo katika maboma mengi, na ninyi mtafunga mengine zaidi. Lakini mzunguko wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilitaka uishie kwa Shitandi.

Nilifika asubuhi, kama kawaida yangu. Moshi wa jikoni ulikuwa umenitangulia.

"Mulembe, daktari," akasema akiwa mlangoni. "Leo usiniambie mambo ya gari."

Rasoa alikuwa amekuja tangu jana yake. Nilipitishwa uani kuona kuku mwenye madoa akiatamia ndani ya kikapu, na mayai yaliyoonekana chini yake yalikuwa na alama za makaa, zilizochorwa kwa mkono usiozoea. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kiblanketi kilikuwa juu yake, kimefuliwa, mahali pake.

Tukaketi. Rasoa alileta obusuma, ugali wetu, na mboga ya majani, kisha akaleta bakuli la kuku. Alikuwa jogoo wa ule uzao wa katonini. Shitandi alipakua mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na akaweka imondo kwenye sahani yangu.

Nilijaribu kuirudisha. "Mzee, hii ni yako."

"Yangu nimekula miaka mingi," akasema. "Anachunga kuku, anapika, ananiwekea. Kila mara. Mimi nakula tu, sijawahi kumuuliza kama naye anaitaka." Akatazama mikono yake. "Sasa siwezi kumuuliza. Kula wewe, daktari. Hiyo ni ya Dorika."

Nilikula. Ilikuwa ngumu kidogo, ya jogoo aliyekomaa, na sikuwa nimewahi kuionja maishani. Nikaitafuna polepole mpaka ikaisha, naye Shitandi alinitazama hadi nilipomaliza, ndipo akavuta sahani yake.